Daftari Safi na Mikorosho Sitini ya Bi Somoe

Siku ya kwanza kazini nilifika ofisi ya kilimo Nachingwea nikiwa na barua ya ajira, begi moja na viatu vipya vilivyonibana. Afisa Kilimo wa Wilaya, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, hakuifungua barua yangu. Aliinama, akavuta mtoto wa meza, akanitolea kaunta buku ya kwaya tatu, yaani lile daftari nene la jalada gumu ambalo maduka hulipima unene wake kwa kwaya.

"Hili ndilo shamba lako," akasema. "Mkaguzi akija hatembei kwenye mikorosho. Anafungua hili. Akikuta limechafuka, wewe ni mchafu. Akikuta limefutwafutwa, wewe ni mwongo."

"Na nikikosea, mzee?"

"Usikosee."

Nilikuwa msichana aliyetoka chuoni, nikaona nimepewa sheria nzuri. Niliifuata kwa miaka mingi bila kuijadili. Ninyi mnaoingia sasa kwenye ugani mna simu za kupiga picha na fomu za kujaza kwa kidole, na huenda mkadhani habari za madaftari ni habari za kale. Lakini bado nawaona vijana wa ofisini wakinunua shajara za jalada la ngozi mwezi Januari na kuziacha Machi, na bado nasikia wakiuliza ipi nzuri. Mimi niliichagua vibaya, na aliyelipa ni mtu mwingine. Ndiyo maana naandika.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa na kitalu cha miche ya mikorosho iliyobebeshwa. Kubebesha ni kuchukua kikonyo cha mkorosho unaozaa vizuri na kukiunga kwenye mche mchanga, ukafunga kwa nailoni hadi washikane. Miche ilikaa kwenye viriba, mifuko myeusi ya plastiki yenye udongo, na mvua za kwanza zikianguka wakulima walikuja kuichukua. Kazi yangu ilikuwa kugawa, kuwafuata mashambani kuona kama mashimo yamechimbwa kwa nafasi, na miezi ya baridi kukagua ubwiri unga, ule ugonjwa unaolipaka ua la korosho kama unga wa mhogo.

Kitaluni kulikuwa na tope. Mtu hawezi kuandika daftari la ofisi huku mkono mmoja umeshika kiriba kinachovuja. Kwa hiyo, kama maofisa wengi wa wakati wangu, nilikuwa na madaftari mawili. La mfukoni nililinunua mwenyewe: dogo, jalada laini, la kuandikia kwa penseli kwa sababu wino hukimbia mvua inaponyesha. Humo niliandika haraka: nani kaja, kachukua mingapi, kaibeba vipi, kasema nini. Jumamosi asubuhi nilikaa mezani na rula na peni mbili, ya bluu na nyekundu, nikahamishia kila kitu kwenye daftari safi. Daftari safi lilikuwa na safu zilizoamriwa na wilaya: namba, tarehe, kitongoji, mkuu wa kaya, idadi ya miche. Afisa wangu alilipenda sana. Mara mbili alilipeleka kwenye mkutano wa maofisa na kuwaonyesha wenzangu. "Mtazameni mwenzenu," akawaambia. "Hata koma yake imenyooka."

Sikutunza madaftari ya mfukoni. Yakishahamishiwa yalikuwa takataka, na kituo cha mabasi Nachingwea kulikuwa na mama muuza karanga aliyeyapokea kwa furaha, akayachana karatasi moja moja na kuzisokota ziwe vifungashio. Nilijiona mtu nadhifu asiyetupa kitu.

Sasa nimlete Bi Somoe. Shamba lake lilikuwa kwenye kata moja ya Nachingwea, jina nitaliacha. Ardhi ilikuwa ya mama yake, na mumewe, Mzee Hamisi, alihamia hapo kwake walipooana, kama ilivyo desturi ya huku. Mwaka waliochukua miche kwangu, siku za kugawa na kupanda Mzee Hamisi alikuwa Mtwara msibani. Bi Somoe alikuja kitaluni peke yake na karai. Alichukua miche sitini kwa safari nne, akiibeba kichwani, na kila safari alinitania.

"Mama Kilimo, umeketi tu na penseli. Njoo unitwishe."

"Nikikutwisha nani ataandika?"

"Andika kwamba Somoe shingo inamuuma."

Nikaandika. Naikumbuka ile penseli ikichora jina lake kwenye karatasi yenye alama ya dole la udongo. Jumamosi yake nikahamisha. Safu ilisema mkuu wa kaya, nami nikaandika jina la Mzee Hamisi, miche sitini, kwa mwandiko wa kupendeza. Sikujiuliza. Ndivyo nilivyoandika kila mke aliyekuja kitaluni mwaka ule na miaka iliyotangulia.

Mikorosho ile ilishika. Miaka sita baadaye ilikuwa imefunga vivuli na inazaa vizuri kuliko yote ya kitongoji, ndipo Mzee Hamisi akafariki. Kwetu huku, kwa Wamwera na majirani zao wengi, ukoo hufuata upande wa mama, na mwanamume akifa, wapwa zake, yaani watoto wa dada yake, huwa na neno kwenye mali aliyoiacha. Baada ya arobaini, mpwa mmoja aitwaye Bakari alikwenda kwa Bi Somoe na kumwambia kwa adabu kwamba hagusi ardhi, ardhi ni ya mama yake Bi Somoe, lakini mikorosho ni jasho la mjomba. Bi Somoe akamjibu kwamba jasho lile ni la kwake. Bakari akaenda ofisi ya kijiji kuuliza kama kuna maandishi. Mtendaji wa kijiji akamwambia yapo, tena mazuri, yako kwa Mama Kilimo.

Barua ya kuitwa baraza la kata ilinifikia Jumatatu. Ilisema nifike Alhamisi na daftari la ugawaji wa miche. Nililifungua pale pale nimesimama, nikatafuta ukurasa, nikaona mstari wangu wa bluu. Kwa saa nzima niliendelea kuuangalia kana kwamba ukitazamwa sana utabadilika.

Jumanne nilipanda bodaboda hadi kituo cha mabasi. Mama wa karanga alikuwepo.

"Mama, karatasi zangu za zamani, hakuna zilizobaki?"

"Za lini?"

"Kama miaka sita."

Alicheka hadi akashika kiuno. "Karanga za miaka sita? Wewe, hata waliokula wameshasahau!"

Jumatano nikaenda wilayani. Afisa wangu alikuwa karibu kustaafu. Nilimweleza yote. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Dada, ukisema jina hilo si sahihi, watauliza mengine. Yapo?"

"Yapo mengi, mzee. Kila mwanamke aliyekuja."

"Kwa hiyo daftari zima limekufa. Na taarifa zote tulizopeleka mkoani zimetoka humo." Akavaa miwani. "Sikuambii useme uongo. Mtu mzima sitakuambia hivyo. Nakuambia ujibu unachoulizwa. Wakikuuliza daftari linasema nini, waambie linasema nini. Kisha kaa chini."

Maneno hayo yalikuwa na njia ya kutokea, na nakiri niliyashika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayarudia. Nitajibu ninachoulizwa. Hakuna aliyewahi kumlaumu mtu kwa kujibu alichoulizwa. Lakini nilipofumba macho niliona karai.

Baraza lilikaa kwenye darasa la shule, kwa kuwa ilikuwa likizo. Wajumbe walikaa kwenye viti vya walimu, sisi kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Bi Somoe alikaa dawati la mbele, kanga yake imefungwa barabara, hakuniangalia. Bakari alikaa upande wa pili. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana mwenye mke na watoto, anayedai kile ambacho wazee walimfundisha ni chake.

Mwenyekiti, mzee wa sauti ndogo ambaye watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie, aliniita.

"Daftari hili nani kaliandika?"

"Mimi, mwenyekiti."

"Soma mstari wa miche ya shamba hili."

Nikausoma. Mkuu wa kaya, Hamisi. Miche sitini.

Bakari akapumua kwa nguvu. Nyuma, mtu akasema "Haya, kwisha." Mwenyekiti akaandika kitu, akanishukuru, akaniambia nikae.

Hapo ndipo ilipokuwa njia yangu. Nilikuwa nimeulizwa, nimejibu, na kila neno lilikuwa kweli kwa namna ya karatasi. Nikajikuta bado nimesimama.

"Kaa, mama," akasema mwenyekiti.

"Mwenyekiti, hamjaniuliza kama ni kweli."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Ni kweli?"

"Si kweli. Niliandika jina la mkuu wa kaya kwa sababu safu ilitaka hivyo. Aliyechukua miche ni Bi Somoe. Alikuja kwa safari nne na karai. Shambani niliwakagulia mashimo, na nilimkuta yeye na jembe."

Bakari akanyanyuka. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Miaka sita kitabu hakijabadilisha neno. Mama Kilimo kabadilisha kwa dakika moja. Au kahongwa kuku?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza kwa kidole.

Mjumbe mmoja mwanamke aliniuliza: "Siku hiyo marehemu alikuwa wapi?"

"Mtwara, msibani."

"Daftari linaonyesha hivyo?"

"Halionyeshi."

"Uliandika wapi kwanza, kabla ya hapa?"

"Kwenye daftari la mfukoni."

"Liko wapi?"

Nikasema ukweli. Sijawahi kusikia kicheko kikubwa kama kile; hata Bakari alicheka. Karanga! Mwenyekiti peke yake hakucheka. Alichukua daftari langu, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya kurasa tatu nne.

"Mwandiko huu," akasema polepole, "umeandikwa na mtu aliyekaa. Wino mmoja, mkono mmoja, hakuna hata tone la mvua. Na miche hupandwa kwenye mvua."

Kwa mara ya kwanza nililiona daftari lile kwa macho ya mtu mwingine. Uzuri wake wote ulikuwa ushahidi kwamba sikuwa shambani.

Ndipo Bi Somoe akaongea, bila kuitwa. "Mnaulizana kitabu, kitabu. Mimi mnaniona hapa?" Akawaeleza: siku tatu za mashimo, kamba ya katani aliyoifunga mafundo ili nafasi zisipishane, maji aliyoyabeba mvua zilipokatika wiki mbili, miche minane iliyokufa na akaja kuomba mingine ya kujazia. Niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli, na ile minane nayo niliiandika kwa jina la mumewe. Lakini mwenyekiti alisema, kwa upole, kwamba hayo ni maneno ya mdai juu ya mali yake mwenyewe, na jirani wa karibu aliyekuwepo miaka hiyo ameshahama.

Walitoka nje kushauriana. Sisi tulibaki kwenye madawati. Nilihesabu matundu ya ubao wa darasa.

Waliporudi, uamuzi ulikuwa mfupi. Daftari haliaminiki, kwa kuwa mwandishi amelikana. Mwandishi naye haaminiki vya kutosha, kwa kuwa hana cha kushika ila kumbukumbu. Mikorosho thelathini ya upande wa juu abaki nayo mjane. Thelathini ya bondeni, ile inayozaa zaidi, avune Bakari. Mipaka ipigwe rangi kwenye mashina.

Nje, Bi Somoe alinisubiri kivulini mwa ukuta. Nilianza kuomba radhi. Alinikatiza.

"Ahsante kwa kusema, Mama Kilimo. Ungeandika, ningeshukuru zaidi."

Akaondoka. Hakuniambia neno lingine kwa miaka.

Sikufukuzwa kazi. Nilipewa barua ya onyo na uhamisho kwenda Ruangwa, na Afisa wangu alistaafu bila kuniaga. Kabla sijaondoka nilipita shambani mara moja. Rangi nyekundu ilikuwa kwenye mashina, imetiririka kidogo chini ya kila alama.

Ruangwa nilipangiwa maeneo ya Mbekenyera, korosho, ufuta na mahindi, na huko ndiko nilikojifunza upya kuchagua daftari. Nawaeleza nilivyoamua, muone kama kuna la kuwafaa. Kwanza, liwe dogo kiasi cha kuingia mfukoni, maana daftari linalobaki ofisini huandika habari za ofisi. Liwe limeshonwa kwa uzi mgongoni, si la waya wa kuzunguka wala la pete za kufungua, kwa sababu ukurasa unaotoka bila kuacha alama ni ukurasa usioweza kutetea mtu. Siku ya kulinunua, kabla ya neno la kwanza, andika namba ya kila ukurasa. Shajara yenye tarehe zilizochapwa ni nzuri kwa mtu mwenye siku zinazolingana. Afisa ugani ana siku ya mistari miwili na siku ya kurasa sita, naye akibanwa na nafasi huanza kukata majina. Mimi nilichagua mistari mitupu, tarehe nikaandika kwa mkono. Penseli niliiacha, nikatafuta peni ya wino mzito usiokimbia maji. Na safu nilizichora mwenyewe: aliyekuja, kwa jina lake, aliyemtuma, kama yupo, kisha dole gumba lake hapo hapo.

Bosi wangu wa Ruangwa, Mkuu wa Idara, alikuwa mtu wa mipango. Mwaka mmoja alitugawia vitabu vya mipango vyenye kurasa za wiki, vyenye visanduku, na akataka tuvikusanye kila Ijumaa. Nilipompelekea na daftari langu la mfukoni akalishika kwa vidole viwili.

"Hili ni daftari au tambara la jikoni?"

"Ni daftari, mkuu."

"Kwa nini usinakili humu ndani ya kitabu kizuri?"

"Kitabu cha mipango kinasema nitakwenda wapi, mkuu. Hili linasema nilikwenda wapi. Wiki iliyopita kitabu kinasema Jumatano nilikagua ubwiri unga. Hili linasema Jumatano pikipiki ilikata cheni, nikarudi kwa miguu."

Alisoma mstari ule wa cheni, akatazama kile kisanduku cha Jumatano, akatazama tena. Kisha akanirudishia vyote viwili na kusema, "Usinionyeshe hili mbele ya wageni." Sikulinakili. Yako yote nyumbani kwangu hadi leo, sandukuni, na yananuka salfa, ile dawa ya unga tuliyopulizia ubwiri.

Kwa kuwa nimestaafu, watu hudhani nakosa kazi. Ninachokosa ni ile hofu ya kila siku ya kuandika jina la mtu. Majina ya wanawake wa kitalu cha kwanza sikuweza kuyarudisha. Niliandika barua wilayani nikitaja niliowakumbuka. Ilipokelewa, ikapigwa mhuri, na sijui iko wapi. Wengine waume zao bado wako hai, kwa hiyo hawajajua nilichowafanyia. Nikikutana nao sokoni wananisalimu vizuri.

Msimu uliopita wa mvua, Bi Somoe alinipigia simu. Sikuijua namba, wala sauti mwanzoni, amezeeka.

"Mama Kilimo, uko Nachingwea? Nataka daftari. Njoo unichagulie."

Tulikutana dukani. Muuzaji alimpangia mezani shajara zenye maua na zenye kufuli ndogo ya dhahabu. Bi Somoe alizisukuma pembeni, akauliza lipi halichaniki. Nikampa lililoshonwa uzi. Alilivuta mgongo kwa mikono miwili hadi muuzaji akasema "Mama, bado hujalipa," naye akasema basi hili hili. Hakutaka tuandike kwangu wala dukani. Tulipanda bodaboda mbili hadi shambani kwake, upande wa juu, ambako alikuwa amekata vichaka na binti yake Zainabu alikuwa akipanda mikorosho mipya. Mvua ya rasharasha ilikuwa inaanza.

"Andika anayepanda," akasema Bi Somoe. "Sasa hivi. Na mwenye mkono ulioshika jembe."

Niliandika tarehe, nikaandika jina la Zainabu, nikahesabu miche iliyokwisha kuingia ardhini, nikaandika kumi na nne. Zainabu akasema ni kumi na tatu, mmoja bado uko kwenye kiriba. Nikakata ile kumi na nne. Wino ulikuwa haujakauka, ukaacha doa pana jeusi katikati ya ukurasa wa kwanza kabisa wa daftari jipya. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kona ya karatasi, kuichana nianze upya.

Bi Somoe akaweka kiganja chake chenye udongo juu ya ukurasa.

"Uache hivyo hivyo," akasema. "Wakija kuuliza, waone tulikuwa hapa."